Kumbukumbu Imekaliwa, Haijaisha: Mwongozo kwa Mwenye Kompyuta Kuukuu

Kompyuta ya 486 yenye megabaiti 16 za RAM inaweza kukataa kufungua programu inayohitaji kilobaiti 600 tu, ikaandika kwenye skrini kwamba kumbukumbu haitoshi. Ukipiga hesabu, mashine hiyo ina nafasi zaidi ya mara 25 ya ile inayoombwa, na bado inalalamika. Anayesoma ujumbe huo hufanya lile linaloonekana wazi: humwita fundi, fundi hushauri RAM iongezwe, fedha hutafutwa, vipande huagizwa Mbeya au Dar es Salaam, vinafika kwa basi, vinapachikwa, na ujumbe ule ule unarudi. Hoja ya mwongozo huu ni kwamba kwenye kompyuta za zamani ujumbe huo mara nyingi hausemi habari ya wingi wa kumbukumbu. Unasema habari ya mahali: kuna eneo dogo mahususi ambalo programu inalihitaji, na eneo hilo limekaliwa na vitu vingine. Kwa hiyo hesabu na upangaji hutangulia, ununuzi hufuata, tena ikibidi. Kwa mtu aliye Sumbawanga, Namanyere, Matai au Laela, mkoani Rukwa, suala hili ni la mfukoni. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara, na RAM za miaka ya 1990 si bidhaa ya dukani tena hata huko Kariakoo. Kwa kawaida kipande kinapatikana kwa kung'olewa kwenye mashine nyingine iliyokufa.

Kompyuta zinazohusika ni zile za 286, 386, 486 na Pentium za mwanzo, zinazoendeshwa na MS-DOS, pengine na Windows 3.1, 95 au 98. Tanzania ilizipokea kwa kuchelewa, na kuchelewa huko kuna sababu. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta bila kibali maalumu, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi miaka ya 1990. Milango ilipofunguka, kilichokuwa kikitumika duniani ni DOS na Windows za mwanzo, pamoja na programu zake: CDS/ISIS ya UNESCO kwa orodha za maktaba, Epi Info ya Marekani kwa takwimu za magonjwa, Lotus 1-2-3 na dBase kwa mahesabu na kumbukumbu za wanachama. Kama kwenye stoo ya ofisi yako, shule, zahanati au chama chenu cha ushirika kuna mashine ya namna hii ambayo bado inawaka, kilichomo ndani yake huenda hakipo mahali pengine popote. Hiyo ndiyo sababu ya kuhangaika nayo. Mapenzi ya vitu vya kale ni ziada.

Mzizi wa tatizo ni uamuzi wa mwaka 1981. IBM ilipotoa PC yake ya kwanza mwezi Agosti mwaka huo, kichakato chake, Intel 8088, kiliweza kufikia megabaiti 1 tu ya kumbukumbu, yaani kilobaiti 1,024. Wabunifu wakaigawa: kilobaiti 640 za chini zikawa za programu, na 384 za juu zikatengwa kwa ajili ya kadi ya skrini, BIOS na vifaa vingine. Mashine ya bei ya chini kabisa wakati huo iliuzwa na kilobaiti 16, kwa hiyo 640 zilionekana kama shamba lisilo na mpaka. Vichakato vikakua haraka: 286 kikafikia megabaiti 16, na 386 cha mwaka 1985 kikafikia gigabaiti 4. Programu za DOS, hata hivyo, ziliandikwa kwa ramani ya 1981, na DOS ikaishikilia ramani hiyo ili programu za zamani zisife. Ndiyo maana ukiongeza megabaiti 8 juu ya 8 zilizopo, zile kilobaiti 640 hazigeuki 641. Fikiria ghala la mahindi la Sumbawanga wakati wa mavuno: nyuma kuna nafasi ya malori kumi, lakini magunia ya kwanza yamerundikwa mlangoni, na dereva anayefika anaambiwa ghala limejaa. Kulirefusha ghala kwa nyuma hakumsaidii dereva huyo.

Anza na namba, na uziandike kwa kalamu kabla hujagusa faili lolote. Namba ya kwanza ni kiasi kilichopachikwa: soma vibandiko vya vipande vya RAM, au hati za ununuzi kama zipo. Ya pili ni kiasi ambacho mashine inakihesabu yenyewe inapowaka, ile hesabu inayokimbia juu kwenye skrini. Ya tatu na ya nne hutolewa na amri MEM: jumla ya kumbukumbu ya kawaida, ambayo inapaswa kuwa 640K, na mstari ulioandikwa "Largest executable program size", ambao ni ukubwa wa programu inayoweza kufunguliwa sasa hivi. Kila pengo kati ya namba hizi lina maana yake. Pengo kati ya ya kwanza na ya pili ni la vifaa: kipande hakijakaa sawasawa, kimekufa, au BIOS haikitambui. Lakini pengo hilo likiwa kilobaiti 384 kamili, mfano mashine ya megabaiti 4 ikihesabu 3,712 badala ya 4,096, hakuna kilichopotea. Mashine imeacha tu kulihesabu lile eneo lililotengwa. Pengo kati ya 640 na namba ya nne ni la mpangilio, na ndilo linalowasumbua watu wengi. Mashine iliyopangwa vizuri huonyesha kati ya kilobaiti 600 na 620. Ukiona 480 au 520, usinunue chochote.

Namba ya tatu inastahili jicho la peke yake. MEM au CHKDSK ikionyesha jumla ya baiti 655,360, hiyo ni 640K kamili. Ikionyesha 653,312, kilobaiti 2 zimeporwa kabla DOS haijaanza, na kwa mashine iliyoishi kwa flopi za kuazimana mtuhumiwa wa kwanza ni kirusi cha sekta ya kuwashia. Stoned na Michelangelo, vilivyotapakaa duniani mwanzoni mwa miaka ya 1990, vilijificha hivyo hivyo: vilijikatia kilobaiti 2 kwenye kilele cha zile 640 na kuiambia DOS kwamba hazipo. Michelangelo huharibu diski mashine ikiwashwa tarehe 6 Machi. Hata hivyo usikimbilie hukumu, maana upungufu wa kilobaiti 1, yaani jumla ya 654,336, mara nyingi hauna ubaya wowote. BIOS nyingi hujikatia kilobaiti hiyo kwa shughuli zake. Kipimo kinachotenganisha ni hiki: washa mashine kwa flopi safi ya DOS, iliyofungwa isiandikike, kisha upime tena. Jumla ikirudi 655,360, mhalifu yuko kwenye diski ngumu. Ikibaki vile vile, ni BIOS. Na kabla hujaandika FDISK /MBR, amri ya kuiandika upya sekta hiyo ya kuwashia, kama mafundi wengi wanavyopenda, hakikisha kwamba ukiwa umewashia flopi hiyo unayaona mafaili ya C:. Kama huyaoni, acha. Viko virusi, Monkey kikiwa kimojawapo, vinavyolihamisha jedwali la diski, na amri hiyo itakufungia data zako. Watu wa mikoa mingine hupenda kuitania Sumbawanga kwa habari za ushirikina. Kilobaiti mbili zilizopotea hazihitaji mganga.

Baada ya hapo, uliza nani amekaa ndani ya zile 640. Kwenye DOS 6 andika MEM /C /P, kwenye DOS 5 andika MEM /C | MORE, na utapata orodha ya kila kilichopakiwa pamoja na hesabu mbili muhimu: kiasi kilichokaliwa chini, kwenye kumbukumbu ya kawaida, na kiasi kilichopandishwa juu, kwenye lile eneo la 384. Soma kwanza hesabu ya chini. Utakutana na DOS yenyewe ikila kilobaiti 60 hivi, draiva ya CD na mwenzake MSCDEX, draiva ya kipanya yenye kilobaiti 17 hivi, SMARTDRV yenye karibu 28, na pengine DBLSPACE au DRVSPACE, zile za kubana diski, ambazo peke yake zinaweza kuchukua karibu 50. Jumlisha. Ukiona jumla inakaribiana na pengo uliloandika kwenye karatasi, ubishi kuhusu kununua RAM umekwisha.

Kabla ya kurekebisha, nakili CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT kwa majina mengine, mfano CONFIG.OLD na AUTOEXEC.OLD, na uwe na flopi inayoweza kuwasha mashine. Kumbuka pia kwamba kwenye DOS 6 ukibonyeza F5 yanapotokea maneno "Starting MS-DOS", mafaili hayo mawili yanarukwa yote, na ukibonyeza F8 unaulizwa mstari kwa mstari. Ukijua hayo huwezi kujifungia nje. Kisha ifungue CONFIG.SYS kwa EDIT na uhakikishe mwanzo wake unafanana na huu:

DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS
DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS
DOS=HIGH,UMB
FILES=30
BUFFERS=20

Mstari wa kwanza unaifungulia DOS njia ya kumbukumbu iliyo juu ya megabaiti ya kwanza. Wa pili unayageuza mapengo yasiyotumika katika lile eneo la 384 kuwa nafasi ya kuwekea draiva. Wa tatu unaihamisha sehemu kubwa ya DOS kutoka chini na kuipeleka kwenye kipande cha kilobaiti 64 kilicho mara tu juu ya megabaiti ya kwanza. Huo peke yake unaweza kukurudishia kilobaiti 45 hivi. Idadi ya BUFFERS ina sababu yake: kila moja huchukua zaidi ya nusu kilobaiti, na zikiwa chache hutosha kukaa huko juu pamoja na DOS, lakini zikizidi nafasi iliyobaki hushuka chini kulala kwenye zile 640. Halafu badilisha DEVICE iwe DEVICEHIGH kwa draiva nyingine zilizobaki, na kwenye AUTOEXEC.BAT tanguliza LH mbele ya kipanya, MSCDEX na DOSKEY. Anza na kubwa, malizia na ndogo, kwa sababu draiva nyingi huhitaji nafasi kubwa zaidi wakati wa kupakiwa kuliko zikishatulia. Mwenye 286 hana EMM386, kwani inahitaji 386 kwenda juu; atafaidi mstari wa kwanza, na wa tatu ukiandikwa DOS=HIGH tu. Mwenye 8088 hana hata hayo, na kwake dawa iliyobaki ni kupunguza.

Kupunguza, kwa kweli, ndiyo dawa bora hata kwa mwenye 486, na mafundi hawaipendi kwa kuwa haionekani kama kazi. Mashine ya kufungulia orodha za CDS/ISIS haihitaji draiva ya kadi ya sauti. Isiyosoma CD haihitaji MSCDEX. Kipanya hakina kazi kwenye programu inayoendeshwa kwa kibodi peke yake. Usifute mistari hiyo. Weka REM mbele yake, uwashe upya, upime, uandike namba mpya pembeni ya ile ya zamani. SMARTDRV inahitaji uamuzi wa makini zaidi, na hapa mazingira ya Ufipa, nyanda za Sumbawanga, yana neno. Programu hii huharakisha diski kwa kuweka data kwenye RAM kwa muda, na toleo lililokuja na DOS 6.0 la mwaka 1993 lilikuwa likichelewesha pia uandishi: unaambiwa faili limehifadhiwa wakati bado linasubiri kwenye RAM. Umeme wa Sumbawanga kwa miaka mingi umetoka Zambia kwa njia ya Mbala, ukisaidiwa na jenereta za dizeli, na mwenye kuuishi anajua kukatika kwake hakupigi hodi. Ukiiacha SMARTDRV, iandike SMARTDRV C, ukitaja herufi ya diski bila alama ya kujumlisha, ili iharakishe kusoma na isicheleweshe kuandika. Kama programu yako inafunguka bila SMARTDRV na kasi inavumilika, iondoe kabisa: unapata kilobaiti zako na usalama wa faili kwa pamoja.

Hapa msomaji anayeijua DOS atapinga: kwa nini uteseke na mistari hii wakati MS-DOS 6 ina MEMMAKER, inayofanya yote kwa kujibu maswali mawili matatu? Pingamizi ni la haki. MEMMAKER hujaribu mipangilio mingi ya draiva na kuchagua bora, kazi ambayo mtu akiifanya kwa mkono atachoka. Lakini inapanga ilichokikuta. Haijui kwamba kadi ya sauti haina spika, wala haitakuuliza kama ile programu ya mtandao iliyowekwa na ofisi iliyotangulia bado ina kazi. Kirusi nacho haikitambui. Inazihesabu kilobaiti zilizobaki na kuendelea. Kwa hiyo itumie, ila iwe baada ya kupunguza, kamwe isiwe badala yake. Na ukishamaliza, fungua CONFIG.SYS uisome ilichoandika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linaigusa hoja yenyewe: je, hakuna programu ambazo kweli zinahitaji kumbukumbu zaidi ya 640? Zipo, ila hata hizo zinaomba kumbukumbu ya aina fulani, mahali fulani. Mwaka 1985 Lotus, Intel na Microsoft zilikubaliana utaratibu wa kuwapa watu wa mahesabu makubwa nafasi ya ziada. Dirisha la kilobaiti 64 linafunguliwa ndani ya lile eneo la 384, na kurasa za kumbukumbu ya nje zinapitishwa hapo kwa zamu. Huo ndio EMS. Lotus 1-2-3 za miaka ile zinautumia. Mashine ikiwa na megabaiti 16 bila EMS, jedwali kubwa la Lotus litakataa kufunguka. Sasa angalia neno NOEMS kwenye mstari wa pili hapo juu. Linazima EMS ili kuokoa dirisha lile. Kwa hiyo mtu wa Lotus aandike RAM badala ya NOEMS, akubali kupoteza kilobaiti 64 za kuwekea draiva, na apunguze draiva zake zaidi. Hakuna mpangilio mmoja unaofaa kila programu, na anayekuuzia flopi yenye "mpangilio bora" hajakuuliza unafungua nini. Kama mashine ina kazi mbili zinazopingana, DOS 6 inaruhusu menyu ndani ya CONFIG.SYS ili uchague mwanzoni.

Windows haikuumaliza ugonjwa huu, iliuhamisha. Kwenye Windows 3.1 vitu vyote vya skrini, madirisha, menyu, fonti na picha ndogo, husajiliwa katika maeneo machache yenye ukomo wa kilobaiti 64 kila moja. Fungua madirisha mengi na utaambiwa kumbukumbu haitoshi hata kama megabaiti 10 ziko wazi. Dalili ni asilimia ya "System Resources" inayoonekana ukichagua About kwenye menyu ya Help ya Program Manager. Dawa ni kufunga programu na kuanza Windows upya. Ushahidi wa kushangaza zaidi unatoka Windows 95 na 98: ukiipa mashine zaidi ya megabaiti 512, inaweza kukuambia kumbukumbu imekwisha unapofungua dirisha la DOS, kwa sababu akiba yake ya diski inajitanua kufuatana na RAM hadi kumaliza anwani zinazohitajika. Hapo aliyeongeza RAM ndiye aliyeleta uhaba. Tiba ni kuingia kwenye SYSTEM.INI, chini ya [vcache], na kuandika MaxFileCache=524288 au pungufu. Tena, mazabodi nyingi za Pentium zenye chipu za Intel 430FX, 430VX au 430TX haziwezi kuharakisha RAM iliyozidi megabaiti 64, kwa hiyo ukizidisha, mashine inaweza kwenda polepole kuliko awali.

Kwa pengo la vifaa, lile kati ya namba ya kwanza na ya pili, mambo ni mafupi. Vipande vya pini 30 huwekwa vinne vinne kwenye 386DX na 486, viwili viwili kwenye 286 na 386SX. Vya pini 72 huwekwa kimoja kimoja kwenye 486 na viwili viwili kwenye Pentium. Ukiweka idadi pungufu, mashine haihesabu au haiwaki kabisa. Kuanzia Mei hadi Oktoba Ufipa haina mvua na vumbi huingia kila tundu, basi jaribu kwanza kusafisha: chomoa umeme, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini utoke, toa kipande, kisugue miguu taratibu kwa kifutio cha penseli, kifute kwa spiriti safi, kirudishe. Mashine iliyolala stoo miaka mingi huenda pia betri yake ya BIOS imekufa, na BIOS ikasahau RAM na diski kwa pamoja. Kama betri ni ile ya umbo la pipa iliyolehemwa kwenye mazabodi, itazame vizuri. Ikiwa imevuja ukungu wa kijani au bluu, ikate, usafishe kwa pamba yenye siki kidogo kisha spiriti, kwa maana maji yake yanakula njia za shaba hadi kufika kwenye soketi za RAM. Namba za diski zilizomo kwenye BIOS, yaani silinda, vichwa na sekta, zinakiliwe kwanza kama bado zinasomeka. Na usizibe feni: kwa mwinuko wa mita 1,800 hivi, hewa ya Sumbawanga ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya sita, hivyo inabeba joto pungufu. Baada ya yote hayo, kipande kikigoma kwenye soketi iliyopokea kingine, kimekufa, na hapo ununuzi ni halali.

Liko pingamizi la mwisho: kwa nini usiitupe mashine na kununua mpya? Kwa kazi za kila siku, nunua mpya. Hakuna anayepaswa kuandika barua za ofisi kwenye 486 leo. Wengine watasema programu ya DOS inaweza kuendeshwa kwenye laptopu kwa DOSBox, tena bure, na ni kweli. DOSBox inaweka draiva zake nje ya DOS yenyewe, na programu inapata zaidi ya kilobaiti 630, hesabu ambayo mashine halisi haiifikii kirahisi. Lakini DOSBox inahitaji mafaili, na mafaili yako kwenye ile mashine inayosema kumbukumbu haitoshi kufungua programu ya kuyatolea. Utapanga kumbukumbu kwanza, utafungua, utatoa data, ndipo utahama. Mashine kuukuu hailazimiki kuishi milele. Inalazimika kuamka vizuri siku hiyo moja.

Kwa hiyo, wewe uliye na mashine ya aina hii mahali popote Rukwa, usiiache ipelekwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu kabla hujaisikiliza. Ikishafungua programu zako, nakili data mara mbili, kwa flopi kama ni chache, au kwa waya kati ya mashine mbili kwa kutumia INTERLNK ya DOS 6 kama ni nyingi. Njia ya kung'oa diski na kuiunga kwenye laptopu kwa adapta ya USB nayo ipo, ingawa diski za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 mara nyingi hazitambuliwi na adapta hizo. Toa pia orodha kwa maandishi ya kawaida pale programu inaporuhusu, maana hayo husomeka popote. Ifanye kazi hii kabla ya Novemba, mvua na radi hazijarudi Ufipa, na ukimaliza uchomoe ukutani waya wa umeme na wa simu.